Fedha Hutoweka, Jina Hubaki

Neno fedha, kama wajuavyo walimu wenzetu, asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini meupe ambayo masonara hufulia pete na vikuku. Baadaye likachukua maana ya mali ya kununulia, kwa kuwa sarafu kubwa zilizotumika pwani yetu zilikuwa za madini hayo. Leo mtu aendapo soko la Nakasero, hapa Kampala, na fedha yake mkononi, hana hata chembe moja ya fedha. Katika makala haya tumekusudia kueleza kwa ufupi jinsi mambo yalivyogeuka hata yakawa hivyo, na kumwonyesha mwalimu au mwanafunzi apendaye kukusanya sarafu za kale aanzie wapi. Sarafu hizo ni hati za historia yetu, nazo zazidi kupungua: nyingine huyeyushwa, nyingine hutobolewa ziwe mapambo, nyingine hutupwa pamoja na takataka za sanduku la marehemu.

Kabla ya sarafu za madini, watu wa Buganda na wa nchi jirani walinunua na kuuza kwa simbi, yaani kauri za Bahari ya Hindi zilizopandishwa bara na misafara ya wafanya biashara. Simbi zilitobolewa na kutungwa uzi ili zihesabike upesi. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni ilikoma kuzipokea, na thamani yake ikaanguka. Lakini Mganda wa leo bado huita fedha ensimbi. Kitu kimekwisha, jina limebaki.

Baada ya simbi ilikuja rupia. Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, ambayo mjumbe wake Lugard alifika Kampala mwezi wa Desemba 1890, ilikuwa imekwisha kutoa sarafu zake zenye picha ya mizani, jina la Mombasa na mwaka 1888. Pamoja na hizo zilitumika rupia za India, na matumizi yake yakaenea zaidi kwa ujenzi wa reli iliyofika Kisumu mwaka 1901. Katika Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900, kodi ya nyumba ilikadiriwa kuwa rupia 3 kwa mwaka. Hivyo rupia ilimfikia mkulima kama deni kabla hajaizoea sokoni.

Hapo kwanza rupia moja ilikuwa pesa 64, na ndipo tulipopata neno pesa. Mwaka 1905 iliamuliwa igawanywe katika senti 100, na sarafu mpya zikatolewa kwa jina la Afrika Mashariki na Uganda. Senti za mwaka 1907 zilikuwa za alumini, madini mageni kabisa katika sarafu za dunia wakati huo; lakini ziliharibika upesi, na baada ya muda mfupi zikabadilishwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Senti hizo zilikuwa na tundu katikati, na mtu aliweza kuzitunga uzi kama babu zake walivyotunga simbi.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza thamani ya rupia iliyumba mno, na mwaka 1919 ikaundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1920 bodi ilitoa florini badala ya rupia, na mara baadaye, mwaka 1921, ikatoa shilingi yenye simba na milima nyuma yake, iliyokuwa nusu ya florini. Hapa mkusanyaji awe mwangalifu sana. Senti 50 za mwaka 1920 zilikuwa shilingi moja. Senti 50 za mwaka 1921 zilikuwa nusu shilingi. Neno ni lile lile, tarakimu ni ile ile, na thamani ni nusu. Afikiri msomaji hali ya mtu asiyejua kusoma aliyepewa mshahara wake kwa senti katika miaka hiyo.

Tazama pia madini yenyewe. Katika rupia ya India, fedha ilikuwa karibu sehemu 92 katika 100. Katika florini ilikuwa sehemu 50, na katika shilingi ya mwaka 1921 sehemu 25 tu. Tangu mwaka 1948 shilingi ilipigwa kwa shaba na nikeli, na fedha ikatoweka kabisa. Mwaka huo huo maneno ya Kilatini yaliyomtaja mfalme kuwa Kaisari wa India yaliondolewa, kwa kuwa India ilikuwa imejitawala mwaka 1947. Senti 50 nazo watu waliziita thumuni, yaani sehemu ya nane, ingawa shilingi haigawanyiki kwa nane bali kwa mia. Neno hilo lilitoka katika hesabu ya riali ya zamani, iliyokadiriwa kuwa rupia 2, au shilingi 4. Na thumuni yake ndiyo senti 50.

Benki ya Uganda ilifunguliwa mwaka 1966, na sarafu za kwanza za taifa, ambazo shilingi yake ina korongo mwenye taji, zina mwaka huo. Mwaka 1987 shilingi 100 za zamani zilibadilishwa kwa shilingi 1 mpya, tena kwa kukatwa ushuru wa asilimia 30. Waliokuwa na akiba ndani ya mitungi wanaukumbuka mwaka huo.

Basi mkusanyaji aanze vipi? Aanze na chenji ya sokoni: ng'ombe wa Ankole katika shilingi 100, samaki katika shilingi 200, korongo katika shilingi 500. Kisha awaulize wazee wa nyumbani. Asidhani kwamba kila adimu ni ghali, wala kila cha ajabu ni adimu. Senti 5 na senti 10 za mwaka 1936 zina jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyetawala chini ya mwaka mmoja. Zilipigwa kwa wingi, na bei yake ni ndogo. Atazame pia herufi ndogo kama H au KN, zinazotaja kiwanda cha Birmingham kilichopiga sarafu.

Asiisugue sarafu kwa mchanga, majivu wala ndimu. Kung'arisha ni kufuta maandishi ya hati. Aishike ukingoni, aiweke katika bahasha ndogo ya karatasi kavu, na aepuke mifuko ya plastiki laini. Sarafu iliyofukuliwa katika mahali pa kale aiache hapo, akawaarifu watu wa Makumbusho ya Uganda, Barabara ya Kira.

Jambo kubwa kuliko yote ni daftari. Kwa kila sarafu aandike mwaka, thamani, madini, na nyumba ilikotoka. Kisha aandike jina ambalo mwenyewe aliiita, na alichoweza kununua kwayo. Chuma chaweza kudumu miaka mia mbili, lakini mzee ajuaye kwamba ndizi za shamba zima ziliuzwa kwa thumuni hatungoji. Mwanafunzi aliyeandika maneno hayo ameihifadhi historia, na Kiswahili pamoja nayo.