Jua Halikutajwa Jina

Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko kawaida, kwa hivyo vuta kiti, na kama Biblia iko karibu, fungua Mwanzo 1. Nataka tuisome kama watu wa Magunga, wenye milima ya Gwassi mgongoni na ziwa mbele.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana, siku ya mafundisho ya katikati ya wiki, binti mmoja wa sekondari alisimama akauliza swali. Alikuwa amesikia habari za mawe yaliyofukuliwa Nyayanga, kwenye rasi ya Homa, ndani ya kaunti yetu hii hii. Ni mawe yaliyochongwa kwa mkono, na pamoja nayo mifupa ya kiboko yenye alama za kukatwa. Matokeo ya utafiti huo yalitangazwa Februari 2023, na umri uliotajwa ni kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Binti akauliza: "Pastor, sasa zile siku sita tuziweke wapi?"

Nilimkaripia. Nilisema hiyo ni roho ya ubishi, nikamwambia aketi, na kanisa likasema Amina. Akaketi. Baada ya Jumapili mbili hakuonekana tena. Mama yake bado anakuja, na nikimwuliza hunijibu, "Anafua nguo, Pastor." Jumapili baada ya Jumapili, ni nguo tu.

Zile nguo zimenifuata mwaka mzima. Zimenirudisha kwenye Mwanzo 1 nikijiuliza swali nililopaswa kujiuliza kabla ya kufungua kinywa: watu waliousikia ukurasa huu zamani walikuwa wanaogopa nini? Maana hakuna Mwisraeli aliyekosa usingizi kwa sababu ya umri wa mawe.

Waliogopa walichokiona juu na walichokiona majini. Misri, walikotumikishwa, jua liliabudiwa kwa jina la Ra. Uru ya Wakaldayo, alikotoka baba yetu Abrahamu, ulikuwa mji wa mungu mwezi. Na Babeli, walikopelekwa mateka baada ya Yerusalemu kuanguka mwaka 586 KK, jua liliitwa Shamash, na katika sikukuu ya mwaka mpya kuhani alisoma utenzi mrefu wa uumbaji uitwao Enuma Elish. Mabamba ya udongo yenye utenzi huo yalifukuliwa Ninawi katika karne ya 19, na Mwingereza George Smith akachapisha tafsiri yake mwaka 1876, ndiyo maana leo tunajua kilichosomwa. Humo mungu Marduk anapigana na Tiamat, ambaye ni bahari yenyewe, anamuua, kisha anampasua vipande viwili kama samaki wa kukaushwa. Mfano huo si wangu, umo humo humo ndani ya utenzi, na mtu yeyote aliyewahi kuona mbuta akipasuliwa ufuoni ataupata mara moja. Kipande kimoja kikawa mbingu. Binadamu naye akaumbwa kwa damu ya mungu mwasi aliyechinjwa, ili afanye kazi na miungu ipumzike.

Fikiria wewe ni mtumwa katika mji huo. Hekalu lako limechomwa. Kila asubuhi bwana wako analisujudia jua, na kila mwaka unasikia kwamba wewe ni damu ya mwasi, umeletwa duniani kubeba mizigo.

Sasa soma mstari wa 16. Jua halitajwi! Kiebrania kilikuwa na neno lake, shemesh, ambalo ukilisikia unasikia Shamash ndani yake, na Biblia inalitumia kwingine bila shida. Hapa limeachwa. Pameandikwa tu kwamba Mungu alifanya mianga miwili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, na nyota zikatajwa mwishoni kama mtu anayekumbuka kitu akiwa tayari mlangoni. Tena mianga hiyo inafika siku ya nne. Nuru ilikuwapo, majani yalikwisha kuota, na jua bado. Mtu aliyesoma hivyo kwa sauti katikati ya Babeli alikuwa ameuvunja mji bila kurusha jiwe.

Usiwacheke Wababeli, mpendwa. Kwetu wazee walitoka nje alfajiri, wakatema mate kuelekea jua linalochomoza, wakaliomba siku njema, watoto na afya. Kijaluo chenyewe kinatumia neno moja, chieng', kwa jua na kwa siku. Na sisi wa upande huu wa Gwassi tuna jambo jingine: jua letu huzama ziwani. Kila jioni vile vitu viwili vikubwa tunavyovijua vinakutana mbele ya macho yetu.

Mwaka 1913 mtu mmoja wa Alego, Onyango Dunde, alisema joka kubwa limetoka ziwani, likammeza, likamtapika akiwa hai, kisha likampa ujumbe. Joka hilo lilijiita Mumbo. Lilisema lina makao mawili, juani na ziwani. Liliagiza watu waiache dini ya Wazungu, wafuge nywele, wavae ngozi, wachinje mifugo yao na kula, kwa kuwa Mumbo angewatolea mingine kutoka majini. Habari ikavuka ikaja huku Nyanza Kusini, ikapanda hadi Kisii, na huko ndiko iliposhika zaidi.

Wahubiri wengi husimulia habari za Mumbo ili watu wacheke. Nami nilifanya hivyo zamani. Lakini angalia miaka ile. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta kodi ya nyumba na kazi za lazima. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeua watu wengi mno kandokando ya ziwa. Wamisionari Waadventista walikuwa wamefika Gendia mwaka 1906, Arthur Carscallen pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika wa Nyasaland ambaye watu humsahau, na wengine walifuata. Mtu wa kawaida aliona amri mpya, kodi mpya na Mungu mpya vikiingia kwa mlango mmoja. Septemba 1914 Wajerumani wakaushambulia mji wa Kisii kutoka upande wa Tanganyika, Waingereza wakautoka kwa muda, na waliomwamini Mumbo wakasema neno limetimia. Kukawa na uporaji. Kisha Waingereza wakarudi na adhabu, mifugo ikachukuliwa, na baadaye baadhi ya viongozi wa Mumbo wakahamishwa hadi Lamu. Hakuna ng'ombe hata mmoja aliyetoka majini.

Hadithi ya ng'ombe wa ziwani tulikuwa nayo tayari, wala haiko mbali. Ukishuka kutoka hapa hadi Nyandiwa utasimuliwa habari za Nyamgondho, mvuvi maskini aliyenasa mwanamke mtegoni mwake, akamchukua nyumbani, na boma lake likajaa ng'ombe. Alipotajirika alirudi usiku mmoja amelewa akamtukana. Mwanamke akaondoka kuelekea ziwani, na ng'ombe wote wakamfuata majini. Nyamgondho akabaki ameegemea fimbo yake hadi akageuka mti. Nilipokuwa mdogo niliambiwa hadithi hii inahusu heshima kwa mke, na ni kweli. Lakini chini yake kuna hofu: ziwa lina mwenyewe, linatoa na kunyang'anya likitaka.

Basi rudi Mwanzo, mstari wa 21. Tafsiri yetu ya Union imeandika "nyangumi wakubwa". Nyangumi hatumwogopi hapa, hajawahi kuonekana Nam Lolwe! Kwa Kiebrania neno ni tanninim, na ni neno lile lile ambalo Isaya 27:1 inalitumia kwa joka la baharini. Kuna kitendo cha Kiebrania, bara, yaani kuumba, ambacho katika sura hii Biblia inakitumia kwa uangalifu sana: mstari wa 1 kwa mbingu na nchi, mstari wa 27 kwa binadamu, na katikati, mstari wa 21, kwa hayo majoka. Marduk alilazimika kupigana na bahari. Mungu wetu hapigani na mtu. Anaumba joka, na mstari unaofuata analibariki lizae na kujaza maji. Mumbo, kama yuko, ni mnyama mwenye baraka ya kuzaa, na wala halijui jua anakoishi kuliko ninavyolijua mimi.

Hapa ndipo nilipotaka kukufikisha. Kama jua si mungu, ni nini? Mstari wa 14 unasema mianga iliwekwa kwa ajili ya majira. Kwa Kiswahili tunasikia masika na kiangazi. Lakini neno la Kiebrania, moadim, ndilo linaloanza Walawi 23, pale zinapotajwa sikukuu za Bwana, nyakati zilizowekwa za kukusanyika. Na neno lililotumika kwa "mianga" ndilo linalotumika katika Kutoka 25:6 kwa ile taa ya hema ya kukutania. Umeona? Jua ni taa ya kanisani. Limetundikwa ili watu waone njia ya kwenda ibadani na wajue saa imefika.

Ukiwa na muda, linganisha Mwanzo 2:2 na Kutoka 40:33, uone jinsi Mungu anavyomaliza kazi yake na jinsi Musa anavyoimaliza hema, maneno yanafanana. Kisha uone kwamba siku ya saba haina ile "ikawa jioni ikawa asubuhi". Siku sita zina mwisho, hiyo imeachwa mlango wazi. Majirani zetu Waadventista wameishika siku hiyo tangu Gendia, na sisi Wapentekoste tumebishana nao juu ya Jumamosi kwa miaka mingi bila kuwauliza wameona nini humo. Mateka wa Babeli, ambaye hekalu lake limekuwa majivu, alikuwa anaambiwa kwamba nyumba ya Mungu haijachomwa. Paa lake liko juu, taa zinawaka, na yeye si damu ya mwasi, ameumbwa kwa mfano wa mwenye nyumba na ameitwa aingie apumzike.

Ndugu yetu mmoja, mvuvi wa omena, amebatizwa na anatoa zaka. Juzi aliniambia kwamba kila anapoingiza mashua mpya majini hutupa kitu kidogo ziwani, "kwa usalama tu, Pastor". Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa hawapatikani vizuri, kwa hivyo mtu huyu anaishi chini ya mwezi na juu ya ziwa maisha yake yote. Sikumkaripia. Nimejifunza. Nilimsomea mstari wa 16 na wa 21, tukanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hivyo hata mwezi anaukopesha Yeye?"

Sasa nakusemesha wewe, binti yangu, kama mtu atakuonyesha maneno haya. Wapo kanisani wanaozishika siku sita za saa ishirini na nne, na ni wapendwa wangu. Wapo wanaosoma tofauti. Augustino, askofu Mwafrika wa Hippo, aliandika zaidi ya miaka 1,600 iliyopita kwamba Mkristo anayesema ovyo kuhusu nyota na mambo ya dunia, akidai ndivyo Maandiko yanavyosema, anayatia Maandiko aibu mbele ya wanaoyajua mambo hayo. Nilisoma hapo nikajiona. Mwanzo 1 haukuandikwa kuhesabu miaka ya mawe ya Nyayanga. Uliandikwa ili mtu asiyapigie magoti mawe, wala jua, wala joka, wala ziwa, ampigie magoti aliyeviumba. Ulikuwa na haki ya kuuliza, na nilikuwa nimekosea kukunyamazisha. Nisamehe, mwanangu. Nitalisema hili pia mbele ya kanisa, kwa sababu mbele ya kanisa ndipo nilipokuaibisha.

Jumamosi hii saa kumi jioni tunashuka Nyandiwa na vijana. Tutausoma ukurasa huu kwa sauti jua likizama, kisha tutaomba. Mvuvi wetu atakuja. Mama yako ameniambia nguo zinaweza kufuliwa Ijumaa. Swali la kwanza siku hiyo ni lako.