SAUTI UNAISIKIA, MTU UNAMTUNGA MWENYEWE

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo naandika kwa ajili ya mama mmoja wa hapa kwetu Issuna. Baada ya mavuno ya alizeti alipigiwa simu na namba asiyoijua. Sauti ikasema: "Mama, ni mimi. Nimepata ajali ya bodaboda Dodoma, simu yangu imevunjika, natumia ya muuguzi." Mama akaenda kwa wakala, akatuma shilingi 180,000. Jioni mwanawe akapiga kwa namba yake ya kila siku, mzima, ndio kwanza ametoka kazini.

Watu wakamcheka. Mwanawe mwenyewe akamgombeza. Alipokuja kwangu baada ya alasiri aliniambia neno moja tu: "Shehe, nimemzaa mimi. Sauti ile ilikuwa yake."

Ndugu zangu, mama huyu si mjinga. Jambo lililompata lina historia ndefu. Naomba mnisome mpaka mwisho.

1. MADINA: SAUTI YENYE MWENYEWE

Adhana ilipoanza, aliyeiota ni Abdullah bin Zayd (r.a.), lakini Mtume (s.a.w.) alimwambia amfundishe Bilal (r.a.), kwa kuwa sauti ya Bilal ilikuwa bora na inafika mbali zaidi.

Baadaye wakawa waadhini wawili. Bilal aliadhini usiku, Ibn Umm Maktum aliadhini alfajiri ikiingia. Mtume (s.a.w.) akawafahamisha watu: akiadhini Bilal endeleeni kula na kunywa, mpaka aadhini Ibn Umm Maktum. Angalieni jambo hili! Watu wamo ndani, gizani, na funga yao inategemea kuitambua sauti. Na hawakukosea, kwa sababu wenye sauti hizo walikuwa wanawajua. Waliswali nao, waliwaona kila siku. Sauti ilikuwa imeshikana na mtu.

2. WANAZUONI: SAUTI HUFANANA

Wakati mji ulipokuwa mkubwa na watu hawajuani, wanazuoni walilitazama suala hili kwa makini. Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameeleza katika Minhaj kwamba anayetoa ushahidi juu ya maneno ya mtu lazima awe ameyasikia na amemwona msemaji. Kusikia peke yake hakutoshi. Sababu wanayoitaja ni kwamba sauti hufanana, na mtu anaweza kuigiza ya mwenzake.

Je, kipofu? Katika madhehebu yetu ya Shafi ushahidi wake juu ya maneno haupokelewi, isipokuwa kwa sura kama hii: mtu akiri jambo sikioni mwake, naye amshike asimwachie mpaka wafike mbele ya kadhi. Wamaliki wao wameikubali sauti kwa anayeijua vizuri. Lakini muone uzito wa neno "amshike". Mkono umeambiwa ukamilishe kazi ambayo sikio haliwezi kuimaliza.

3. REDIO: SAUTI ISIYO NA USO

Mwaka 1951 ikaanza redio Dar es Salaam. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwaka 1973, lakini huku Bara tulisubiri mpaka 1994. Maana yake kwa zaidi ya miaka 40 mtu wa Bara alikuwa na sauti ndani ya nyumba yake bila ya uso. Sisi tuliokua miaka ya sabini tunakumbuka: redio moja, betri zikiisha nguvu zinaanikwa juani, wazee wamekaa kimya. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alipotangaza vita dhidi ya Idi Amin, mimi mtoto nilimwona kichwani mwangu kama jitu lenye kifua kipana. Picha zake nilipokuja kuziona ni mtu mwembamba mwenye tabasamu. Nani aliniambia ana kifua kipana? Hakuna. Nilimtunga mwenyewe.

Hilo ni la mtoto, linachekesha. Lakini kuna lililowapata watu wazima.

4. UNGUJA, JANUARI 1964

Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 12 Januari 1964 Serikali ya Zanzibar ilipinduliwa, na kituo cha redio cha Raha Leo kikatekwa. Siingii katika siasa zake, wanahistoria bado wanabishana nani alifanya nini. Naizungumzia sauti. Watu wamejifungia majumbani, nje risasi, na redioni anazungumza mtu anayejiita Field Marshal, jina lake John Okello. Wengi hawajawahi kumsikia. Lafudhi yake si ya Unguja wala Pemba. Anatoa amri, anatoa vitisho vizito, anataja jeshi kubwa mno.

Muungwana aliyejificha chini ya kitanda na watoto wake atamtunga mtu wa namna gani? Atamtunga kwa kadiri ya hofu aliyonayo. Na mwenye sauti alikuwa nani? Kijana wa miaka ya ishirini, Mlango kutoka Uganda, aliyefika Pemba mwaka 1959 akifanya kazi za mikono, za matofali na ujenzi. Haikupita hata miezi mitatu, Machi mwaka ule ule, akazuiwa kurudi Zanzibar. Sipunguzi damu iliyomwagika, ile ilikuwa kweli na Allah ndiye Hakimu. Nasema tu kwamba jitu lile lililokuwa redioni, sehemu kubwa yake waliijaza wasikilizaji.

5. SIMU: KINACHOKATWA NJIANI

Sasa turudi kwa mama yetu. Mfumo wa simu wa tangu zamani hupitisha mitetemo ya sauti kati ya takriban 300 na 3,400 kwa sekunde. Lakini msingi wa sauti ya mwanamume akizungumza uko chini ya hapo, huanzia kama 100 hivi kwa sekunde. Ile nzito ya chini inakatwa njiani, na ubongo wako ndio unaoirudisha. Yaani hata ukizungumza na mwanao wa kweli, sehemu ya sauti yake umeitengeneza wewe.

Hata sauti yako mwenyewe huijui. Ukisema, unajisikia kupitia hewa na pia kupitia mifupa ya kichwa, na mifupa huongeza uzito. Ndiyo maana ukisikiliza ujumbe wako wa sauti unasema, "Huyu si mimi." Mimi khutba yangu ilisambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, akaja kijana kutoka Singida mjini kumtafuta shehe. Akanikuta nafagia msikiti, akaniuliza, "Babu, shehe yupo?"

Basi Unguja sauti ilijazwa na hofu. Hapa Issuna ilijazwa na mapenzi. Mama alisikia "Mama, ni mimi", na moyo wa mzazi ukamalizia yaliyobaki. Na leo ipo akili mnemba inayoweza kuiga sauti ya mtu kwa kipande kifupi tu cha maneno yake. Waliosema sauti hufanana miaka 700 iliyopita hawakukosea.

6. TUFANYE NINI?

Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuhakikisha habari kabla ya kuchukua hatua tutakayoijutia. Kwa simu, uhakika wetu uwe huu:

- Kata simu, mpigie mwenyewe kwa namba unayoijua. Huko ndiko kumshika mpaka kwa kadhi.
- Muulize kwa Kinyaturu. Mama yule nilipomuuliza, akakumbuka: mwanawe hajawahi kumsalimia kwa Kiswahili hata siku moja. Yule wa simu hakutamka neno la nyumbani.
- Ukitumiwa sauti ya shehe au kiongozi akisema jambo zito, usiisambaze mpaka ujue imetoka wapi.
- Vijana mlio mijini, wapigieni mama zenu mara kwa mara. Sauti isiyosikika miezi mitatu ni rahisi kuigwa.

Na yule kijana nimemwita, nikamwambia akamtake radhi mama yake. Hakudanganywa kwa uchache wa akili. Alidanganywa kwa sababu anakupenda wewe. Ameenda, alhamdulillah.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.