Kipuri kimeungua hadi maandishi yamefutika: fundi atakitambuaje?

Redio ya mama yangu kijijini hutumia betri ya sola ya volti 12. Siku moja mtu wa nyumbani aligeuza nyaya, chanya ikaingia kwenye hasi, moshi ukatoka. Fundi wa kwanza alikuta kipuri kidogo kimekuwa mkaa, jina halisomeki. Akaking'oa, redio ikaimba, tukalipa. Miezi michache baadaye nyaya ziligeuzwa tena. Safari hii iliungua aisi ya sauti, kipuri cha bei kubwa kuliko vyote ndani ya redio ile.

Kile kilichong'olewa kilikuwa daiodi ya ulinzi. Kazi yake ni moja tu: nyaya zikigeuzwa, ipitishe umeme wote kwa ghafla ili fyuzi ikatike na redio ibaki salama. Redio huimba vizuri bila daiodi hiyo, ila inabaki bila mlinzi.

Kwa hiyo kipuri kisicho na jina hakibahatishwi. Bodi yenyewe husema kilikuwa nini, ukijua pa kuangalia.

Usikimbilie kusafisha

Piga picha kwanza kwa simu, kabla ya kugusa chochote. Rangi ya mabaki, ukubwa wake na idadi ya miguu ni ushahidi. Kisha futa masizi taratibu kwa spiriti, umulike tochi kwa ubavuni na ukuze picha. Maandishi yasiyoonekana kwa macho mara nyingi hujitokeza mwanga ukitoka pembeni.

Soma herufi iliyo kando yake

Viwanda vingi huandika herufi na namba kwenye bodi, kando ya kila kipuri. Kipuri kikiisha kabisa, herufi huweza kubaki:

- R ni rizista
- C ni kapasita
- D ni daiodi, na ZD ni daiodi ya zena
- Q ni transista
- U au IC ni aisi
- L ni koili
- F ni fyuzi

Kwenye redio ya mama palikuwa na D1, na hatua moja nyuma yake F1. Hapo peke yake fundi angeshajua nusu ya jibu.

Fuata njia za shaba

Geuza bodi uangalie miguu ya kipuri inakwenda wapi. Mguu mmoja ukiwa chanya na mwingine hasi, karibu na mahali umeme unapoingia, hicho ni kapasita ya kutuliza umeme au daiodi ya ulinzi. Kikiwa katikati ya njia, umeme ukilazimika kukipitia, huenda ni fyuzi, koili, daiodi au rizista.

Njia hizo pia hukuonyesha kipuri kinabeba volti ngapi. Paneli ya sola inayoitwa ya volti 12 hufika volti 21 au 22 juani ikiwa haijaunganishwa na mzigo. Kapasita ya volti 16 ikiwekwa upande wa paneli haitadumu. Weka ya volti 25 kwenda juu, na ya 35 ni salama zaidi.

Tafuta pacha wake

Redio yenye spika mbili mara nyingi ina sehemu mbili zinazofanana, ya kushoto na ya kulia. Kilichoungua upande mmoja kinaweza kuwa kizima upande wa pili. Kipime kwa mita, umeme ukiwa umezimwa. Rizista ikipimwa ikiwa bado kwenye bodi huweza kusoma chini ya thamani yake, kwa sababu vipuri vya jirani navyo vinapitisha umeme. Nyanyua mguu mmoja ndipo upime.

Ukitafuta mchoro mtandaoni, andika namba iliyo kwenye bodi, siyo jina la kwenye boksi pekee. Bodi moja huuzwa kwa majina mengi.

Alama zinazopotosha

Rizista bapa yenye 103 ni omu 10,000. Yenye 472 ni omu 4,700. Tarakimu ya mwisho ni idadi ya sufuri. Daiodi bapa iliyoandikwa M7 ni ndugu wa 1N4007. Kwa rizista za mistari, angalia: joto hubadilisha rangi, nyekundu ikaonekana kahawia. Na zile kapasita ndogo bapa za rangi ya udongo kwa kawaida hazina maandishi tangu kiwandani, kwa hiyo usidhani yamefutika.

Kwa nini kiliungua?

Fundi wa pili aliuliza swali hili, akakuta fyuzi F1 ilishatolewa zamani na kuwekwa waya. Ndiyo maana daiodi iliungua yenyewe badala ya fyuzi kukatika. Aliweka fyuzi ya ampea 2, daiodi ya ampea 3 aina ya 1N5401, mstari wake ukielekea chanya, na aisi mpya.

Kabla ya kuunganisha betri moja kwa moja, aliunga balbu ya gari ya volti 12 kwenye waya wa chanya. Balbu ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, bado kuna shoti. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, ni dalili njema.

Mahali pa kusimama

Chaja na runinga za umeme wa nyumbani ni habari nyingine. Kapasita kubwa ndani yake hubeba volti 300 na zaidi, na huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Rizista iliyo mwanzoni mwa njia ya umeme inaweza kuwa ya aina inayokatika kama fyuzi. Ukiweka ya kawaida au waya, unaweza kuunguza nyumba. Usipokuwa na uhakika wa kipuri cha sehemu hiyo, usikibadilishe.

Na wewe mwenye redio, kabla ya kulipa muulize fundi mambo matatu: kipuri hiki kilikuwa na kazi gani, umeweka nini mahali pake, na fyuzi ipo? Akikujibu "kilikuwa hakina kazi", mwambie akirudishe.