Fundi wa Baiskeli Aliyekereza Moyo wa Ndege ya Kwanza, Halafu Akasahaulika

Ile picha kila mtu kaiona, kama sio kwenye kitabu cha shule basi mtandaoni. Mchanga mtupu, ndege ya mbao na kitambaa imeinuka kidogo tu kutoka chini, jamaa mmoja kalala kifudifudi juu yake, mwenzake kabaki pembeni anaitazama. Tarehe 17 Desemba 1903, Kitty Hawk, North Carolina, Marekani. Wilbur na Orville Wright, mtu na mdogo wake, wakaingia kwenye historia na hawajatoka mpaka leo.

Kuna mtu wa tatu ambaye kwenye picha hayupo. Siku hiyo alikuwa mbali kabisa, mji wa Dayton, Ohio, kabaki analinda duka la baiskeli la mabosi wake. Na kile kilichokuwa kinanguruma kwenye ile ndege alikitengeneza yeye kwa mikono yake, kwenye chumba cha nyuma cha duka hilohilo.

Jina lake Charles Taylor, watu walizoea kumwita Charlie. Kazaliwa 1868 Illinois, shule akaachana nayo mapema, akiwa na miaka 12 tu alikuwa tayari anatumwatumwa kwenye ofisi ya gazeti huko Nebraska. Hakuwa injinia na cheti hakuwa nacho. Alichokuwa nacho ni mkono wa chuma, yaani ukimpa kipande cha chuma na kifaa cha kukatia, kitu kinatoka. Juni 1901 akina Wright wakamchukua kazini kwa senti 30 kwa saa, sawa na dola 18 kwa wiki. Piga hesabu mwenyewe, hapo ni saa 60 za kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza baiskeli za wateja wakati mabosi wakienda kucheza na ndege zao zisizo na injini.

Mwisho wa mwaka 1902 mabosi wakarudi wakiwa na jambo kichwani. Mabawa yameshakubali, usukani umeshakubali, sasa inatakiwa injini. Wakaandika barua kwa viwanda mbalimbali vya injini za petroli: tunataka injini ya angalau nguvu farasi 8, uzito usizidi ratili 180, yaani kama kilo 82. Hakuna aliyewapa wanachotaka. Injini za wakati ule zilikuwa mizigo ya kufungwa kwenye sakafu ya kiwanda, sio kupanda nazo hewani. Basi ndugu hao wakamgeukia fundi wao wa baiskeli.

Hapa ndipo stori inapokuwa tamu, maana Charlie mwenyewe alikuja kusimulia baadaye kwamba uzoefu wake wote wa injini za petroli ulikuwa kujaribu kutengeneza moja ya gari iliyoharibika. Basi. Michoro rasmi nayo hakukuwa na kitu. Walikaa watatu wakachora kipuri kimojakimoja kwenye karatasi yoyote iliyokuwa karibu, Charlie anaichomeka kwenye msumari juu ya meza yake ya kazi, anaanza. Na mashine? Mashine ya kukereza moja, drili ya kusimama moja, zote zikizungushwa kwa mkanda na injini ndogo ya gesi ambayo akina Wright waliitengeneza wenyewe kwa ajili ya duka.

Sasa tuje kwenye krankshafti, maana hapo ndipo fundi anapojulikana ni fundi.

Kwa asiyejua, panda baiskeli. Mguu wako unasukuma juu na chini, lakini gurudumu linazunguka. Kinachobadilisha ule msukumo kuwa mzunguko ni mkono wa pedali. Kwenye injini mguu ni pistoni, na mkono wa pedali ni krankshafti. Ni mhimili wa chuma uliokunjwakunjwa, kila kunjo lina pini ambayo pistoni inaisukuma. Wazo lenyewe ni la zamani mno, lakini limewahi kugombaniwa: mwaka 1780 Mwingereza mmoja aliiwekea hataza krenki ya injini ya mvuke, mpaka James Watt, mkubwa mzima wa mambo ya mvuke, akalazimika kutafuta njia ya kuzunguka kwa kutumia gia. Ndio ujue kipande hiki sio cha mchezo.

Injini kubwa za leo krankshafti zake zinafuliwa kiwandani chuma kikiwa chekundu. Charlie hakuwa na tanuru wala nyundo ya mvuke. Alichopata ni ubao mmoja wa chuma kigumu, urefu inchi 31, upana inchi 6, unene inchi moja na kitu. Weka sentimita 79 kwa 15 kwa 4. Ubao kama huo ni kama kilo 39, mzito kuliko gunia dogo la simenti kwa mwenye kujua gunia dogo.

Akachora umbo la krankshafti juu ya ubao. Na hapa kuna ujanja ambao watu wengi wanaupita. Injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, pini zake nne zinakaa kwenye bapa moja, mbili upande huu, mbili upande ule. Ukiilaza mezani inalala vizuri kama nyoka aliyekanyagwa. Ndio maana ubao bapa ulitosha. Ingekuwa injini ya silinda tatu, pini zinaangalia pande tatu tofauti, na ubao ule usingefaa kitu.

Baada ya kuchora akaanza kutoboa. Tundu moja, tundu jingine pembeni yake, tundu jingine, kufuata mstari wote wa mchoro, kwa drili ile ile moja. Matundu yakishakaribiana, akashika nyundo na tindo akawa anavunja vipande visivyotakiwa mpaka likabaki umbo gumugumu lenye meno pembeni, baya kweli kulitazama. Ndipo akalipeleka kwenye mashine ya kukereza.

Kukereza mhimili wa kawaida kila mkereza anaweza. Krankshafti ina vitimbi vyake. Sehemu za katikati, zinazokaa kwenye beringi, zinakerezwa chuma kikizunguka kwenye kitovu chake. Lakini pini za pistoni haziko kitovuni, ziko nje. Pistoni ya Charlie ilitembea inchi 4, kwa hiyo pini ilitakiwa kukaa inchi 2 kamili kutoka kitovuni. Maana yake ili kukereza pini lazima uhamishe mahali pa kushikia, ufanye pini ndio kitovu kipya, halafu krankshafti yote inazunguka ikiyumba kama mlevi. Kisu kinagonga chuma, kinapita hewani, kinagonga tena. Ukikaza haraka kisu kinakatika. Ukishikilia kwa nguvu kwenye ncha, chuma chenye mapengo kinajipinda, na ukikiachia pini haiko tena ulipoiweka. Mpaka leo watu wanaotengeneza injini ndogo za mfano majumbani, zile za kukaa kiganjani, wanateseka na mambo hayohayo. Wanaweka vipande vya chuma kwenye mapengo ili isijipinde, wanaacha nyama kidogo ya kumalizia baadaye, maana chuma kikishapunguzwa sana kinaweza kuhama chenyewe. Tena hao wana visu vya kisasa.

Krankshafti ya Charlie ilipomalizika ilikuwa na uzito wa ratili 19, kilo 8 na nusu hivi. Rudi kwenye zile kilo 39. Yaani kilo 30 nzima ziligeuka vumbi na vipande sakafuni. Na mwenyewe alijivunia kwamba ilikaa sawa, haikuwa na upande mzito.

Vingine alivipita haraka. Bodi ya injini ilisubiwa kwa aluminiamu hapo hapo Dayton ili iwe nyepesi, silinda akazikereza mwenyewe. Kabureta hakuna, petroli inadondoka yenyewe kutoka kwenye tangi. Plagi hakuna, cheche inatoka kwa vipande viwili kugusana na kuachana. Wiki 6 tu injini ikawa imesimama. Februari 12, 1903 ikawashwa. Februari 13 beringi zikakamata na bodi ikapasuka. Pole sana. Ikabidi bodi nyingine isubiwe, na Mei injini ikawaka tena, safari hii ikitoa nguvu farasi 12, zaidi ya mabosi walizoomba.

Huko Kitty Hawk miezi ya mwisho ya mwaka mihimili ya mapangapanga ikawa inapasuka, Orville akapanda treni mpaka Dayton na kurudi na mipya ya chuma kizima. Desemba 17 ikaruka: mara ya kwanza sekunde 12, mara ya nne sekunde 59 na mita 260. Muda mfupi baadaye upepo ukaipindua ndege ikiwa imeegeshwa, injini ikavunjika. Haikuruka tena.

Na Charlie? Aliendelea na akina Wright miaka kadhaa. Mwaka 1911 alimfuata kwa treni rubani Cal Rodgers aliyekuwa anavuka Marekani yote kwa ndege, kazi yake kuifufua kila ilipoanguka, na ilianguka sana. California alinunua ardhi, hela ikapotea. Miaka ya 1930 alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha ndege Los Angeles, akilipwa senti 37 kwa saa, wenzake hawajui wamekaa na nani. Henry Ford ndiye aliyemtafuta mwaka 1937 ili asaidie kulirudisha duka la Wright kama lilivyokuwa, kwenye makumbusho yake Dearborn.

Kusema akina Wright walimdhulumu sio haki. Orville alimwachia dola 800 kila mwaka. Waliomfuta ni wasimuliaji, maana stori ya ndugu wawili inanoga kuliko ya ndugu wawili na mfanyakazi wao. Dola 800 nazo hazikutosha mzee. Mwaka 1955 mwandishi wa habari alimkuta kwenye wodi ya wasiojiweza ya hospitali ya umma Los Angeles. Watu wa ndege wakachangishana haraka, wakamhamishia pazuri. Akafa Januari 30, 1956, miaka 87. Orville naye alikufa Januari 30, mwaka 1948.

Ndege yenyewe ipo Washington, injini ndani yake. Ila krankshafti ile ya Charlie haimo. Mwaka 1906 iliazimwa pamoja na flaiwili yake kwenda kwenye maonyesho New York, na haijarudi mpaka leo.