Rabai na Wageni Wake, 1846 hadi 1889

Ndugu zetu wa Rabai, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Katika kijitabu cha mwaka huu tumeamua kueleza habari za misheni, kwa sababu wengi wetu tunaijua nusu yake tu. Tunataja Krapf na Rebmann, kisha tunaishia hapo. Lakini wageni waliofika Rabai hawakuwa hao wawili peke yao.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na jumuiya ya wamisionari ya Uingereza, CMS, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka huo huo homa ilimchukua mkewe Rosine, na siku chache baadaye binti yao mchanga. Johannes Rebmann alipojiunga naye mwaka 1846, walipanda huku kwetu mwezi wa Agosti, wote wawili wakiwa na homa. Hawakuwa na askari. Waliomba mahali kwa wazee wetu, na wazee wakakubali wajenge. Misheni ya Rabai ilianza kwa ridhaa ya wenyeji.

Kwa miaka mingi matunda yalikuwa machache. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mlemavu, naye alibatizwa akiwa karibu kufa. Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848 na habari zake zikafika Ulaya, lakini hapa Rabai waumini walibaki wachache mno. Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann alikaa hadi 1875, akaondoka akiwa amepofuka.

Kundi la pili lilianza kufika mwaka 1864. Hao walikuwa Waafrika waliokombolewa utumwani wakiwa watoto na kulelewa India, katika shule ya misheni huko Nashik. Miongoni mwao walikuwa William Jones na Ishmael Semler, waliokuja kumsaidia Rebmann. Fikirini hali yao. Walikuwa wamerudi Afrika, lakini hawakurudi kwao. Jones alikuwa Myao, na nchi ya Wayao iko mbali kusini. Ilibidi ajifunze lugha na desturi za hapa kama mgeni mwingine yeyote. Mwaka 1885 alipewa ushemasi, na mwaka huo huo akafuatana na Askofu Hannington katika safari ya Uganda. Askofu aliuawa Busoga. Jones ndiye aliyewaongoza waliosalia mpaka wakafika tena Rabai mwaka 1886.

Kundi la tatu halikutumwa na mtu. Walikuwa watoro, watumwa waliokimbia mabwana zao katika mashamba ya pwani. Waliingia Rabai mmoja mmoja na kwa makundi, wakajenga, wakalima, wakaingia kanisani. Wakati huo utumwa ulikuwa bado halali pwani, na wenye watumwa walikuja kudai mali yao. Kuwahifadhi watoro kulikuwa hatari kwa misheni, na viongozi wa CMS hawakuwa na kauli moja juu ya jambo hilo. Jones aliwapokea. Mwishowe George Mackenzie, wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikianza kutawala pwani, alikubali wenye watumwa walipwe fidia. Tarehe 1 Januari 1889 watoro wapatao 1,400 wa misheni za pwani, wengi wao wa Rabai, walipewa hati za uhuru. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907.

Kwa hiyo kanisa na shule za Rabai zilikuzwa hasa na watu waliofika bila ukoo, bila kaya na bila shamba la babu, juu ya ardhi iliyotolewa na wazee wenye hayo yote. Bila ukarimu wa wazee, Krapf asingepata pa kuweka jiwe la kwanza. Na bila Jones na watoro, huenda leo pangebaki makaburi na jina tu.

Tunayasema haya kwa sababu kila tunapokusanya michango, kuna anayeuliza kwa sauti ya chini: huyu ni Mrabai kweli, au ni wa misheni? Swali hilo limewaumiza watu waliozaliwa hapa, wazazi wao na babu zao pia. Historia yetu imekwisha kulijibu. Mwenyeji alifungua mlango, mgeni akashika jembe na chaki, na watoto wa wote wawili wakasoma darasa moja.

Mchango wako wa mwaka huu ni wa karo za watoto wetu. Fomu ya karo haina nafasi ya kuuliza babu alifika mwaka gani, wala haitakuwa nayo. Toa ulicho nacho, umwambie na jirani yako. Kidogo kidogo hujaza kibaba.