Aliye Chini na Nafasi ya Kushambulia: Kanuni za Ushindi katika Historia ya Michezo ya Kukabana

Katika Kiswahili, kitenzi "kubwaga" kina maana ya kuangusha chini na pia kushinda. Mgombea aliyebwagwa katika uchaguzi ni aliyeshindwa. Lugha imehifadhi kanuni kongwe ya mieleka: anayelala chali amekwisha. Insha hii inajadili namna kanuni hiyo ilivyolegea katika baadhi ya michezo, hata aliyelaliwa kifuani akapata nafasi ya kushambulia. Hoja kuu ni kwamba mbinu za aliye chini zilitokana na mabadiliko ya kanuni za ushindi, wala si ujasiri wa wachezaji pekee.

Katika mieleka ya jadi ya Wanuba wa Sudan, na katika laamb ya Senegal, kuangushwa humaliza pambano. Palipo na kanuni hiyo, hapana sababu ya kubuni mashambulizi ya kutokea chini. Judo, iliyoasisiwa na Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882, ilimpa aliyebanwa muda: zamani sekunde 30, siku hizi 20. Kabali na kufunga kiwiko vinaruhusiwa, lakini saa humlazimisha kujinasua kwanza.

Hatua iliyofuata ilitokea Brazili, alikofika mwanajudo Mitsuyo Maeda mwaka 1914. Katika mchezo uliokuzwa huko na ukoo wa Gracie, kumlalia mpinzani hakukumaliza pambano. Mwezi Septemba 1951, Hélio Gracie, akiwa chini, alimkaba Yukio Kato mjini São Paulo. Mwezi uliofuata, katika uwanja wa Maracanã, Masahiko Kimura alimlalia Hélio na kumfunga mkono hadi wasaidizi wake wakasalimu amri.

Hata hivyo, Hélio alipomkaba Kato alikuwa amemweka kati ya miguu yake. Aliyelaliwa kwa ubavu hana ngao hiyo. Uzito umemkalia kifuani na miguu yake iko mbali na mpinzani. Ndiyo maana kwa muda mrefu walimu wengi walisisitiza kujinasua. Kuipita miguu hadi ubavuni humpatia aliye juu pointi 3, lakini pambano huendelea. Katika mwanya huo ilisitawi kabali ya "buggy": aliye chini huzungusha mkono nyuma ya shingo ya mpinzani, hushika mguu wake mwenyewe, kisha hufunga miguu na kubana. Ndugu Kade na Tye Ruotolo wa Marekani ni miongoni mwa walioipa umaarufu.

Zanzibar, ambako Mjapani Tsuyoshi Shimaoka amefundisha judo tangu miaka ya 1990, saa ya kubanwa ingali sehemu ya mchezo. Mchezaji anayesubiri shambulio akiwa chini hujihatarisha kupoteza ndani ya sekunde 20.

Suala hili lina uzito pia kwa mwalimu wa michezo katika kata kama Kasoli, wilayani Bariadi. Akichukua mbinu bila kanuni iliyoizaa, atawafundisha vijana kutulia chini ya uzito ambao mwamuzi anauhesabu kuwa ushindi wa mwingine. Tena kabali bila utaratibu wa kusalimu amri ni hatari kwa uhai. Kanuni ya ushindi, basi, ndiyo ifundishwe kwanza, na mbinu zifuate.