Mizani Kumi na Sita: Uhakiki wa Mashairi Shuleni Ulikotoka

Mtahiniwa wa Karatasi ya Tatu ya Kiswahili nchini Kenya, ile ya fasihi, hufika kwenye swali la ushairi akiwa ameshajua ataulizwa nini. Ataambiwa ataje bahari ya shairi, aeleze muundo wake, atambue nafsineni na toni, aonyeshe mtunzi alivyoutumia uhuru wake, kisha aandike ubeti mmoja kwa lugha nathari. Mwenzake wa Tanzania ataigawa kazi mafungu mawili, fani na maudhui, halafu atayajaza: dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo, muundo, mtindo. Maswali haya hayakushuka na mtaala. Yana wenyewe, na baadhi yake yalizaliwa katika ugomvi.

Tuanze na malenga Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyezaliwa 1776 na kufariki 1840, alitunga kuhusu mapenzi na dhiki za maisha, na kwa ukali zaidi kuhusu siasa za Wamazrui, watawala wa Mombasa, dhidi ya Lamu na Sayyid Said wa Oman. Mashairi yake mengi yalikuwa ya kujibizana. Mombasa ikirusha, Lamu ikirudisha. Mwishoni mwa karne ya 19 mmishenari William Taylor alipoyakusanya, tegemeo lake alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa mji uleule, aliyeujua msamiati wa Muyaka na visa vilivyoyazaa mashairi yenyewe. Kwa maneno mengine, kabla ya darasa lolote la fasihi ya Kiswahili kufunguliwa, mji ulikuwa na mhakiki wake, na uhakiki wake ulikuwa kulisoma shairi pamoja na kisa chake. William Hichens aliyatoa mashairi hayo kitabuni mwaka 1940, na karatasi za Taylor bado zimehifadhiwa London.

Shairi lilipohamia gazetini, mambo yalibadilika. Kuanzia 1923 gazeti la serikali ya Tanganyika, Mambo Leo, liliwapa watunzi ukumbi mpya, wakiwemo wengi wa bara. Mtu wa Tabora au Ujiji aliweza sasa kutunga na kusomwa bila kupata kuketi barazani na malenga wa pwani. Alihitaji mwongozo. Mwaka 1954 mwongozo ukaja, na ulitoka kwa mzaliwa wa Ujiji, Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Huyu ndiye aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri, na jina lake limebaki kwenye uwanja wa mpira wa Arusha. Wapenzi wa soka wanaolitamka kila wiki huenda hawajui kwamba watoto wao wanahesabu mizani kwa sheria alizoziandika yeye.

Hesabu yenyewe ni hivi. Chukua mshororo wa kubuni: "Mwalimu nipe kalamu, niandike yangu shida." Ukwapi, yaani nusu ya kwanza, una mizani (silabi) nane, utao, nusu ya pili, una nane, jumla kumi na sita. Kina cha kati ni -mu, cha mwisho ni -da. Mwanafunzi mwerevu ataona pia kwamba "yangu shida" imepinduliwa, ataandika "kuboronga sarufi ili kupata kina", naye atapata alama yake. Sawa kabisa. Lakini kupindua huko kumelisukuma neno "shida" hadi mwisho, mahali sauti ya mwimbaji inapotua na sikio la msikilizaji linapobaki. Swali la kwa nini limewekwa hapo haliulizwi, na mimi naona ndilo lenye shairi ndani yake.

Ugomvi mkubwa ulizuka 1974, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alipochapisha Kichomi, diwani isiyofungwa na vina wala mizani. Watetezi wa jadi walichachamaa, wengine wakikataa kabisa kuziita tungo zake mashairi. Lakini Kezilahabi hakuwa mgeni wa wakongwe: tasnifu yake ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya mwaka 1976, ilimchambua Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Washairi Mulokozi na Kahigi walisimama upande wa mabadiliko katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, 1979. Jumanne Mayoka akaipa diwani yake ya 1986 jina la mgogoro wenyewe. Mwaka 1988 Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu, akakumbusha jambo ambalo kambi zote mbili zilielekea kulisahau: tungo za Waswahili ni za kuimbwa.

Shule zilichukua nini katika mjadala huo? Zilichukua makundi. Shairi likawa la arudhi, yaani lenye vina na mizani, au huru, na mwanafunzi akatakiwa atoe sababu. Kutoka Dar es Salaam ya Ujamaa likaja pia swali la miaka ya 1970, kwamba kazi hii inamtetea nani, mkulima na mfanyakazi au mnyonyaji; harufu yake imo bado katika "msimamo" na "falsafa". Nchini Kenya, mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ukakifanya Kiswahili kuwa somo la lazima, na uchambuzi ukawa kazi ya kila mtoto wa sekondari. Uimbaji aliousisitiza Shariff haukupata nafasi kwenye karatasi ya mtihani.

Hasara ya kuishia kwenye makundi inaonekana ukiishika diwani ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotoka 1973. Alifungwa 1969 kwa kijikaratasi kilichohoji Kenya ilikuwa inaelekea wapi, na mashairi hayo aliyaandika gerezani kwa siri, kwenye karatasi za chooni. Yana vina, yana mizani, yana Kimvita, lahaja ya Mombasa, kilichokolea. Mwanafunzi anayeishia kutaja bahari na uhuru wa mshairi atakuwa amejibu yote bila kujua kwamba mfungwa aliyekatazwa kusema alijifunga kwa kanuni ngumu kwa hiari yake, ili apate kusema.

Walimu wa fasihi, na nyinyi mnaotunga mitihani Nairobi na Dar es Salaam, hesabu ya mizani ibaki, kwani ni ufundi wa kweli. Ila shairi lisomwe kwa sauti darasani, na anayeweza aliimbe, kabla kalamu hazijashikwa. Na kila panapoandikwa "bainisha", paongezwe swali la pili lenye alama zake: kwa nini mtunzi alifanya hivyo?